Makosa katika uzinduzi wa magari mapya

Makosa katika uzinduzi wa magari mapya ni maamuzi ya usanifu, bei, jina au utangazaji yanayolifanya gari jipya likose wanunuzi. Mara nyingi gari lenyewe huwa linawaka, linatembea na kusimama vizuri. Kinachokosewa ni makadirio kuhusu mtu atakayelinunua: ana fedha kiasi gani, anapita barabara gani, anabeba nini, na angenunua gari gani lingine kwa fedha hizohizo.

Makosa ya namna hii yametokea kwa kampuni kubwa za Marekani na India, na pia kwa miradi ya magari ya Afrika Mashariki. Mifano inayojulikana zaidi katika ukanda huu ni *Nyayo Pioneer* na *Mobius*, yote ya Kenya. Inatofautiana kwa sababu moja na ile ya nchi tajiri: katika Afrika Mashariki mpinzani mkuu wa gari jipya ni gari la mtumba kutoka Japani, wala si gari jipya la kampuni nyingine.

## Kwa nini kosa moja hugharimu sana

Methali ya Kiswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya magari methali hiyo ina ukweli nusu tu, kwa sababu gari zuri lililokadiriwa vibaya linaweza kuufilisi mradi kabla watu hawajapata nafasi ya kulijua.

Sababu ni gharama za kuanza. Bodi ya gari hutengenezwa kwa kukandamiza mabati ndani ya kalibu kubwa za chuma. Kalibu hizo, pamoja na mitambo ya kuunganishia na majaribio ya usalama, hulipiwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Gharama hiyo haipungui hata kama magari yatakayouzwa ni machache.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kiwanda kimetumia shilingi bilioni 10 kwa kalibu na mitambo. Kikiuza magari 50,000, kila gari litabeba shilingi 200,000 za gharama hiyo. Kikiuza magari 500 tu, kila gari litabeba shilingi milioni 20, nje ya bei ya chuma, matairi, injini na mishahara. Kwa hiyo makadirio ya idadi ya wanunuzi ndiyo yanayoamua bei, na bei nayo ndiyo inayoamua idadi ya wanunuzi. Aliyekosea mwanzoni huingia katika mzunguko mgumu: magari machache yanapandisha bei, na bei kubwa inapunguza magari zaidi.

Tena, kati ya siku ya kuchora gari na siku ya kulizindua hupita miaka kadhaa. Katika muda huo kodi zinaweza kubadilika, mafuta yanaweza kupanda bei, na walaji wanaweza kuhamia aina nyingine ya gari.

## Mpinzani asiyeonekana: gari la mtumba

Nchini Japani gari binafsi jipya hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, hivyo wamiliki wengi huona afadhali kuuza gari likiwa bado zima. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wao uko kulia, sawa na ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Matokeo yake ni mtiririko mkubwa wa magari yaliyotumika kuja katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa.

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya miaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na nchi mbalimbali, na sehemu kubwa yalitoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani. Takriban asilimia 40 yalikuja Afrika.

Serikali za ukanda huu zimeweka masharti tofauti. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Hata hivyo gari la mtumba limebaki kuwa chaguo la kwanza la mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa duka na dereva wa teksi.

Gari hilo huja na faida tatu ambazo gari jipya lisilojulikana hukosa:

* Vipuri. Spea za Toyota zinapatikana mijini na katika miji midogo, mpya, za kuiga na zilizotumika.
* Mafundi. Fundi wa gereji ya chini ya mti anaijua injini yake, kwa sababu amekwisha fungua nyingi za aina hiyo.
* Bei ya kuuzia tena. Mwenye shida ya ada au ugonjwa anaweza kuliuza gari katika muda mfupi, kwa kuwa madalali wanajua thamani yake.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki hununua mambo hayo matatu pamoja na gari. Mtengenezaji anayeweka hesabu ya gari peke yake anakuwa amefanya nusu ya hesabu.

## Barabara na usanifu

Kosa la pili la kawaida ni kusanifu gari kwa barabara ambazo mnunuzi hazipiti. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, kwa mfano, barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Arusha kupitia Msalato na Kondoa ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Sehemu ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018. Nje ya barabara kuu kama hiyo bado kuna njia za udongo zenye matuta madogo yanayofuatana, makorongo ya msimu, na udongo mweusi wa mbuga ambao wakati wa mvua hunasa magurudumu kama gundi.

Katika mazingira hayo gari lenye tumbo karibu na ardhi huumia haraka. Vumbi laini huingia katika chujio la hewa, na mtikisiko huua shokamzoba na vifundo vya usukani. Kwa hiyo mtu anayeishi huko hupima gari kwa kuchuchumaa na kuangalia chini yake kabla ya kuangalia rangi.

Zamani majaribio ya aina hiyo yalifanywa hadharani. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika njia ngumu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari aina ya Peugeot 404 lilishinda mara nne katika miaka ya 1960, na Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Ushindi huo ulikuwa tangazo lililoeleweka na kila mtu: gari lililomaliza Safari lingeweza kufika kijijini. Lakini sifa hiyo nayo haikutosha pale magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa masharti katika miaka ya 1990.

## Nyayo Pioneer

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kikenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya au mwendo wa pole. Jina *Nyayo* lilitokana na wito wake wa kisiasa wa kufuata nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta. Wahandisi wa chuo hicho walifanya kazi pamoja na taasisi nyingine za umma, miongoni mwao Shirika la Reli la Kenya.

Magari matano ya majaribio yalikamilika, na mwaka 1990 Rais aliyazindua jijini Nairobi. Yaliweza kufikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kwa wahandisi ambao hawakuwa na kiwanda cha magari cha kuanzia, hayo yalikuwa mafanikio halisi. Likaundwa Shirika la Magari la Nyayo ili kuyatengeneza kwa wingi.

Uzalishaji huo haukuanza. Fedha za kujenga kiwanda hazikupatikana, na katika kipindi hichohicho uchumi wa Kenya ulibanwa. Novemba 1991 nchi wahisani zilisimamisha misaada mipya kwa serikali. Baadaye shirika lilibadilishwa jina na kuwa kiwanda cha kuchonga vipuri vya chuma kwa ajili ya viwanda vingine.

Kosa la mradi huu halikuwa katika ufundi. Swali lililoulizwa mwaka 1986 lilikuwa kama Wakenya wanaweza kuunda gari, na jibu lilikuwa ndiyo. Maswali ambayo hayakupata jibu ni matatu: nani angelinunua, kwa bei gani, na mtaji wa kiwanda ungetoka wapi. Magari matano ya majaribio hujibu swali la mhandisi. Hayajibu swali la mhasibu. Uzinduzi ulifanywa mbele ya taifa kabla ya maswali hayo kujibiwa, na ndiyo maana kwa miaka mingi gari hilo lilitajwa kwa mzaha, ingawa wahandisi walitimiza walichoagizwa.

Tanzania ilikuwa na jitihada inayofanana nayo. Shirika la Nyumbu lililopo Kibaha, mkoani Pwani, chini ya jeshi, lilianzishwa rasmi mwaka 1985 ili kukuza teknolojia ya magari. Liliunda malori ya majaribio yaliyopewa jina la mnyama mvumilivu wa mbugani. Nyumbu nalo halikuwa gari la kuuzwa madukani. Tofauti ni kwamba lilikusudiwa hasa kwa matumizi ya jeshi na kwa kujifunza utaalamu, kwa hiyo halikupimwa na soko kwa namna ileile.

## Mobius

Kampuni ya Mobius Motors ilianzishwa nchini Kenya na Joel Jackson, Mwingereza aliyefika huko mwaka 2009 na kufanya kazi na wakulima wa miti katika eneo la pwani. Aliona watu wa vijijini wakihangaika na usafiri kwa sababu magari yanayoweza kupita katika njia mbovu yalikuwa ghali mno. Wazo lake lilikuwa kuunda gari imara, lenye tumbo la juu, kwa bei ya chini kuliko magari mapya mengine ya aina hiyo.

Gari la kwanza la majaribio lilifuatiwa na Mobius II, ambalo toleo lake la mwanzo liliuzwa kwa takriban dola 10,000 za Marekani, sawa na karibu shilingi milioni moja za Kenya. Ili kufikia bei hiyo wasanifu waliondoa vitu walivyoona si vya lazima. Halikuwa na kiyoyozi, usukani wake haukusaidiwa na mashine, na pembeni halikuwa na madirisha ya vioo. Muundo wake ulikuwa fremu ya mabomba ya chuma, na lilivutwa kwa magurudumu mawili tu, ingawa umbo lake lilikuwa la gari la porini.

Kwa mantiki ya kiwandani hesabu hiyo ilikuwa sahihi: kila kilichoondolewa kilipunguza gharama. Kwa mantiki ya mnunuzi ilikuwa na kasoro. Kwa fedha hizohizo mtu aliweza kupata Toyota ya mtumba yenye vioo, kiyoyozi na redio, ambayo spea zake ziko kila mahali. Mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi hakutaka gari linalomkumbusha kwamba hana fedha. Zaidi ya hayo, mwanakijiji aliyekusudiwa mara nyingi hakuwa na milioni moja mkononi, na wale waliokuwa nazo waliishi mjini, ambako vumbi na mvua kuingia ndani ya gari ni kero isiyo ya lazima.

Kampuni ilisikia. Toleo jipya la Mobius II lililofuata liliboreshwa, likawa na injini ya petroli ya lita 1.8, na bei yake ilianzia takriban shilingi milioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2021 ikaja Mobius III, iliyotokana na gari la kampuni ya BAIC ya China, kwa bei ya karibu shilingi milioni 4. Hilo lilikuwa gari kamili lenye starehe. Lakini kwa kupanda hadi bei hiyo kampuni iliingia katika uwanja mwingine kabisa, ambako mnunuzi hulinganisha gari na Toyota Prado ya mtumba, na ambako jina changa halina uzito. Wazo la gari la bei nafuu kwa ajili ya kijiji lilikuwa limebaki nyuma.

Agosti 2024 Mobius ilitangaza kwamba imeshindwa kulipa madeni yake na kwamba itafungwa. Kabla ya mwezi kwisha ikatangaza kuwa imepata mnunuzi wa hisa zake. Habari hiyo iliwagusa wengi, hata wasiowahi kuliendesha gari hilo, kwa kuwa Mobius lilikuwa limebeba tumaini la kuona gari lililosanifiwa kwa ajili ya barabara za Kiafrika.

## Mifano kutoka nchi nyingine

### Ford Edsel

Mfano maarufu zaidi duniani ni Edsel, gari la kampuni ya Ford ya Marekani, lililozinduliwa Septemba 1957. Lilipewa jina la mtoto wa Henry Ford, aliyefariki mwaka 1943. Kabla ya uzinduzi kampuni ilitangaza kwa miezi mingi kwamba kitu cha ajabu kinakuja, bila kukionyesha. Siku ilipofika watu waliona gari la kawaida lenye pua ya wima iliyochekwa, na vitufe vya kubadilishia gia katikati ya usukani, mahali ambapo madereva walizoea kupiga honi.

Edsel lilikuja na modeli 18 kwa mwaka wa kwanza, na bei zake zilipandana na zile za magari mengine ya Ford yenyewe. Lilitengenezwa katika mistari ileile ya kuunganishia magari ya Ford na Mercury, hivyo mengine yalifika kwa wauzaji yakiwa na kasoro. Tena uchumi wa Marekani ulidorora mwaka 1958, na watu wakapendelea magari madogo. Ford ilitarajia kuuza 200,000 katika mwaka wa kwanza. Nchini Marekani yaliuzwa takriban 63,000. Uzalishaji ulikoma Novemba 1959, baada ya jumla ya magari takriban 118,000, na hasara inakadiriwa kuwa dola milioni 250 za wakati ule.

### Tata Nano

Mwaka 2008 kampuni ya Tata ya India ilionyesha Nano, gari dogo lililoahidiwa kuuzwa kwa rupia 100,000. Ratan Tata alieleza kwamba wazo lilitokana na kuona familia nzima ikisafiri juu ya pikipiki moja. Toleo la bei ya chini lilikuwa na kifutio kimoja cha kioo, nati tatu kwa kila gurudumu badala ya nne, na halikuwa na kiyoyozi.

Kiwanda kilichokusudiwa Singur, Bengal ya Magharibi, kilipingwa na wakulima kwa sababu ya ardhi, kikahamishiwa Sanand katika jimbo la Gujarat. Kiliweza kutoa magari 250,000 kwa mwaka, lakini mauzo hayakufikia hata nusu ya idadi hiyo katika mwaka wowote. Magari machache yaliyowaka moto yaliharibu sifa. Lakini kosa lililokubaliwa na Ratan Tata mwenyewe ni lile la kuliacha gari lijulikane kama gari rahisi kuliko yote duniani. Familia iliyotoka katika pikipiki ilitaka majirani waone imepiga hatua, na jina la "gari la bei rahisi" liliwaambia majirani kinyume chake. Juni 2018 kiwanda kilitengeneza Nano moja tu, na muda mfupi baadaye likaachwa.

Nano na Mobius II la mwanzo yanafanana katika jambo hili. Wasanifu wa yote mawili walimhurumia mnunuzi maskini kwa dhati, wakampa gari lililopunguzwa. Mnunuzi naye hakutaka kuhurumiwa. Alitaka gari kama la wengine, hata likiwa limetumika.

## Jina la gari

Jina baya hutajwa mara kwa mara kama sababu ya gari kutouzwa. Hadithi inayorudiwa sana ni ya Chevrolet Nova, kwamba halikuuzwa Amerika ya Kilatini kwa sababu *no va* kwa Kihispania ni "haliendi". Hadithi hiyo si ya kweli: gari hilo liliuzwa vizuri tu Meksiko na Venezuela. Ni kweli, hata hivyo, kwamba Mitsubishi iliita Pajero kwa jina la Montero katika nchi zinazozungumza Kihispania, kwa sababu jina la kwanza lilikuwa na maana ya matusi huko.

Katika Kiswahili watu hawangoji kampuni iwape jina. Basi dogo la abiria huitwa *kipanya*, gari kubwa la kifahari la wakubwa huitwa *shangingi*, na gari lililochakaa huitwa *mkweche*. Majina haya yanafundisha kwamba sifa ya gari huamuliwa barabarani. Jina la Nyayo lilifungamana na siasa za wakati wake, kwa hiyo mradi ulipokwama jina hilo lilizidi kuufanya uchekwe.

## Waliobadili mwelekeo

Baadhi ya watengenezaji wamegundua makosa ya makadirio mapema, au wamejifunza kutokana nayo.

* Ford Mustang. Miaka michache baada ya Edsel, Ford iliunda Mustang kwa kutumia vipuri vingi vya gari lake la Falcon, ili gharama za kuanza ziwe ndogo. Ilizinduliwa Aprili 1964 na zaidi ya magari 400,000 yaliuzwa katika mwaka wa kwanza.
* Kiira. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kiliunda gari la umeme la watu wawili, Kiira EV, lililofanyiwa majaribio mwaka 2011. Likafuatiwa na Kiira EV Smack mwaka 2014. Baadaye mradi uligeukia mabasi: mwaka 2016 ulionyeshwa basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa, na kampuni ya Kiira Motors ikajenga kiwanda Jinja. Basi hununuliwa na taasisi na wasafirishaji, ambao hupiga hesabu ya mafuta na faida, na halishindani moja kwa moja na gari dogo la mtumba la familia.
* Volkswagen nchini Rwanda. Kampuni hii ya Ujerumani ilianza kuunganisha magari Kigali mwaka 2018. Haikutegemea kuuza pekee, bali ilianzisha pia huduma ya usafiri wa kuita gari kwa simu, ili mtu alipie safari badala ya kununua gari zima.
* BasiGo. Kampuni hii ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2021, huuza mabasi ya umeme kwa wenye matatu kwa kutenganisha bei ya betri. Mwenye basi hulipia betri na chaji kwa kila kilomita anayotembea, hivyo bei ya mwanzo haimtishi.

Mifano hii mitatu ya Afrika Mashariki ina mafunzo ya pamoja. Hakuna hata mmoja uliojaribu kumshinda Mjapani wa mtumba katika uwanja wake. Kila mmoja ulitafuta mnunuzi ambaye mtumba haumtoshelezi.

## Athari

Gari jipya linaposhindwa, kampuni kubwa huandika hasara katika vitabu vyake na kuendelea. Ford ilipoteza mamilioni kwa Edsel, lakini haikufa. Mradi mdogo wa nchi inayoendelea hauna akiba ya namna hiyo, na hasara yake husambaa kwa watu wengine.

Wa kwanza ni wafanyakazi na mafundi vijana waliofunzwa, ambao hupoteza kazi na nafasi ya kuendeleza ujuzi. Wa pili ni wateja waliokwisha nunua: kiwanda kikifungwa, vipuri vyake huadimika, na gari linalodai kitasa au taa mpya linaweza kugeuka mkweche kabla ya wakati. Wa tatu ni mradi utakaofuata, kwa kuwa benki na wawekezaji hukumbuka ule ulioanguka.

Hasara ya nne haiandikwi popote. Kila gari la nyumbani linaposhindwa, watu hurudia kusema kwamba Mwafrika hawezi kutengeneza gari. Historia ya Nyayo Pioneer na Mobius haiungi mkono maneno hayo. Magari hayo yalitembea. Kilichokosekana ni mnunuzi aliyefahamika vizuri, bei iliyolinganishwa na ya mtumba, na duka la vipuri lililo karibu na fundi wake.

## Tazama pia

* Gari
* Gari la umeme
* Daladala
* Matatu
* Safari Rally
* Kibaha
* Chuo Kikuu cha Nairobi
* Chuo Kikuu cha Makerere